Sheria ya Miaka 16 Nchini Australia: Mwongozo kwa Wazazi na Walezi Wanaozungumza Kiswahili

Tangu tarehe 10 Desemba 2025, kampuni zinazoendesha mitandao mikubwa ya kijamii haziruhusiwi kumwachia mtoto wa chini ya miaka 16 anayeishi Australia kuwa na akaunti kwao. Mwongozo huu ni wa wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili walioko Melbourne, Brisbane, Adelaide, Perth na kwingineko nchini humo, hasa wale waliofika kutoka Kivu, Burundi au kambi za Nyarugusu na Kakuma, ambao habari za sheria hii huwafikia kwa vipande kupitia watoto wenyewe. Habari za vipande huzaa hofu: kwamba polisi watapekua simu, kwamba familia itatozwa faini ya mamilioni, kwamba mtoto atachukuliwa na ustawi wa jamii kwa sababu ya TikTok. Hakuna hata moja kati ya hayo lililomo katika sheria hii. Hofu hiyo inapaswa kuondoka nyumbani kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu mtoto anayeamini kwamba amevunja sheria atanyamaza hata siku atakapotishwa au kudhalilishwa mtandaoni, na ukimya huo ni hatari kuliko akaunti yoyote.

Hatua ya kwanza: Fahamu sheria inambana nani

Sheria hii ni marekebisho ya Sheria ya Usalama Mtandaoni ya mwaka 2021. Bunge la Australia liliyapitisha mwishoni mwa Novemba 2024, na kampuni zikapewa takribani mwaka mmoja wa kujiandaa. Wajibu wote umewekwa mabegani mwa kampuni: ni lazima zichukue hatua za kuridhisha kuwazuia watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti, ziwe akaunti mpya au zile zilizokuwapo tangu zamani. Kampuni ikishindwa kutimiza wajibu huo, mahakama inaweza kuitoza hadi dola milioni 49.5 za Australia. Mtoto aliyekutwa na akaunti haadhibiwi, mzazi wake haadhibiwi, na hakuna afisa aliyepewa kazi ya kuja mlangoni kuuliza mtoto anatumia nini. Msimamizi wa sheria ni Kamishna wa Usalama Mtandaoni, ambaye ofisi yake hujulikana kwa jina la eSafety, na anaozungumza nao kuhusu akaunti hizi ni wenye mitandao.

Kuna mambo mawili ambayo wazazi huyakosea mara kwa mara. La kwanza ni ruhusa ya mzazi. Katika sheria za nchi nyingine, idhini ya mzazi ina nafasi yake. Kwa mfano, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kuchakatwa. Sheria ya Australia haikuacha mlango huo. Hata ukiwa umeridhika kabisa kwamba binti yako wa miaka 15 anajiheshimu na anaitumia Instagram kwa busara, huwezi kumtilia saini akabaki nayo. La pili ni makazi. Anayehusika ni mtoto ambaye kwa kawaida makazi yake ni Australia, awe raia, mkazi wa kudumu au mwenye viza ya ukimbizi. Kwa hiyo mtoto wa Brisbane aliyekwenda likizo Mombasa kwa wiki chache hajatoka nje ya sheria kwa kuvuka bahari, na vilevile binamu yake aliyekuja kutembea kutoka Nairobi si mlengwa wake, hata kama mtandao unaweza kumsumbua kwa maswali ya umri muda wote atakapokuwa Australia.

Zipo kesi zilizofunguliwa katika Mahakama Kuu ya Australia kuipinga sheria, mojawapo ikiwa ya kampuni ya Reddit, lakini kufunguliwa kwake hakukuisimamisha sheria. Mzazi asimwambie mtoto asubiri hukumu.

Hatua ya pili: Kaeni pamoja, simu ikiwa mezani

Usimnyang'anye mtoto simu ili uipekue peke yako usiku. Chagua jioni tulivu, umwambie mapema kwamba mtaitazama pamoja, na umweleze tangu mwanzo kwamba hakuna adhabu itakayofuata kwa akaunti yoyote mtakayoikuta. Ahadi hiyo uitimize. Wakati wa kuzungumzia mambo haya, mtoto mara nyingi hufichua akaunti ya pili, ile yenye jina la utani na mwaka wa kuzaliwa wa uongo, na ni afadhali uisikie kutoka kwake.

Mitandao iliyotajwa na eSafety kuwa inabanwa na sheria ilipoanza kutumika ni Facebook, Instagram, Threads, TikTok, Snapchat, X, YouTube, Reddit, Twitch na Kick. Zilizoachwa nje ni pamoja na WhatsApp, Messenger, YouTube Kids, Google Classroom, Pinterest, Discord na Roblox. Orodha hii haikuchongwa kwenye jiwe, kwani Kamishna anaweza kuutazama upya mtandao wowote unaobadilisha namna unavyofanya kazi, na mitandao midogo inayokimbiliwa na watoto inaweza kuingizwa. Ukitaka uhakika wa siku hiyo, tazama orodha katika tovuti ya eSafety, yaani esafety.gov.au, badala ya kutegemea picha ya ujumbe inayozungushwa katika makundi ya WhatsApp.

Mzazi asichukulie kwamba kilichoachwa nje ya orodha kimethibitishwa kuwa salama. WhatsApp iliachwa kwa kuwa kazi yake kubwa ni kutumiana ujumbe na kupigiana simu, na Roblox kwa kuwa ni mchezo zaidi kuliko mtandao wa kijamii. Mtu mzima mwenye nia mbaya anaweza kumfikia mtoto kupitia huduma hizo pia, na ndiyo maana Roblox yenyewe imeanza kupima umri wa watumiaji wake wa Australia kabla ya kuwaruhusu kuchati.

YouTube inahitaji maelezo ya peke yake, kwa sababu ndiyo inayotumika zaidi sebuleni. Sheria inakataza akaunti, haikatazi kutazama. Mtoto anaweza kuendelea kutazama nyimbo, masomo na mahubiri bila kuingia kwenye akaunti yoyote. Hata hivyo, ile mipangilio ya usimamizi ambayo mzazi aliiweka kwenye akaunti ya mtoto haifanyi kazi tena mtoto anapotazama bila akaunti, kwa hiyo familia iliyokuwa imejipanga vizuri inaweza kujikuta imepoteza kinga yake. Tiba yake ni ya kawaida: kwa watoto wadogo tumia YouTube Kids, ambayo mzazi huifungua kwa akaunti yake mwenyewe, kwa wakubwa, washa hali ya udhibiti wa maudhui kwenye kila kifaa kimoja kimoja, zima ule uchezaji wa video unaojiendeleza wenyewe, na pendelea runinga ya sebuleni kuliko simu iliyo chini ya blanketi.

Hatua ya tatu: Okoeni picha, video na namba za watu

Januari 2026 serikali ya Australia ilitangaza kwamba akaunti takribani milioni 4.7 zilikuwa zimefungwa au kuzuiwa. Nyingine zinaendelea kugunduliwa kadiri mifumo inavyozidi kuchuja, kwa hiyo akaunti ambayo bado iko wazi leo inaweza kuondoka bila taarifa ndefu. Fanyeni kazi hii mapema.

Katika mipangilio ya karibu kila mtandao kuna sehemu ya kuomba nakala ya taarifa zako. Ukishaomba, mtandao huchukua saa kadhaa au siku kadhaa kuandaa faili, kisha hukuarifu uje kulipakua, na faili hilo halikai milele. Wekeni kumbukumbu ya kurudi kulichukua. Kabla ya kuomba, hakikisheni kwamba barua pepe na namba ya simu zilizosajiliwa kwenye akaunti bado zinafanya kazi. Akaunti nyingi za watoto zilifunguliwa kwa barua pepe ya kubuni ambayo hakuna anayekumbuka nenosiri lake, na hapo ndipo picha za miaka mitatu hupotea. Faili likishapatikana, lihifadhiwe kwenye kompyuta au kifaa cha kuhifadhia cha familia, si kwenye simu ileile ya mtoto peke yake.

Kwa familia zetu, kinachouma zaidi kupotea si video za kucheza dansi. Ni mawasiliano. Kijana aliyeondoka Kakuma akiwa na miaka 10 huenda marafiki zake wa utotoni wote yuko nao Facebook au Snapchat tu, mmoja Minnesota, mwingine Oslo, mwingine bado yuko kambini, wala hana namba ya simu ya hata mmoja wao. Mzazi anayelipuuza jambo hili anaona programu inafutwa. Mtoto anaona watu wake wanafutwa. Kaa naye, muandike majina kwenye daftari, kila mmoja aombwe namba ya WhatsApp au barua pepe, na pale ambapo rafiki ni mtoto mdogo, namba ya mzazi wake. Kazi hii inaweza kuchukua jioni nzima, na ni jioni iliyotumika vizuri.

Ikiwa akaunti imekwisha kufungwa, msikate tamaa. Baadhi ya kampuni zimeisimamisha akaunti bila kuiteketeza, na zinatoa nafasi ya kupakua yaliyomo au kuihifadhi hadi mwenyewe afikishe miaka 16. Someni ujumbe unaojitokeza mnapojaribu kuingia. Usibonyeze kitufe cha kufuta kabla ya kuelewa maneno yote, na kama Kiingereza ni kizito, mwombe mtu mzima unayemwamini akusomee.

Hatua ya nne: Shughulikieni suala la umri na vyeti kwa uangalifu

Hapa ndipo familia za wakimbizi na wahamiaji zinapokutana na matatizo ambayo wenyeji hawayajui, na ni vyema tukae hapa kwa muda.

Kampuni hupima umri kwa njia kadhaa. Hutazama tarehe iliyoandikwa wakati wa kufungua akaunti, hutazama mwenendo wa mtumiaji, na zikiwa na shaka humtaka apige selfi ya video ili mashine ikadirie umri wake kwa sura, au aonyeshe kitambulisho, au, kwa mitandao mingine, athibitishwe na benki yake. Sheria imeweka kinga mbili ambazo kila mzazi azishike. Kampuni hairuhusiwi kukulazimisha kutumia kitambulisho cha serikali kama njia pekee. Ni lazima ikupe na njia nyingine ya kuridhisha. Pia taarifa zilizokusanywa kwa ajili ya kupima umri ni lazima ziharibiwe kazi hiyo ikishakamilika. Ukiona taarifa zako zimetumiwa vinginevyo, malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Habari wa Australia, inayojulikana kwa kifupi kama OAIC.

Mashine ya kukadiria umri kwa sura hukosea. Jaribio la teknolojia hizi lililogharimiwa na serikali ya Australia, ambalo ripoti yake ilitolewa mwaka 2025, lilikiri kwamba usahihi hupungua kwa kiasi fulani kwa watu wasio Wazungu na kwa wasichana walio karibu na umri wa kikomo. Kwa hiyo kijana wetu wa miaka 17 anaweza kuambiwa ni mtoto, na wa miaka 14 aliyerefuka mapema anaweza kupita bila kuulizwa. Kijana aliyefungiwa kimakosa asinung'unike tu; akate rufaa ndani ya programu hiyohiyo kupitia ujumbe wa kufungiwa au sehemu ya msaada, achague njia nyingine ya kuthibitisha umri, na ahifadhi picha za skrini za kila hatua. Mifumo mingi imezoea kusoma pasipoti na leseni ya udereva. Anayebeba ImmiCard, yaani kadi ya utambulisho ambayo idara ya uhamiaji huwapa wasio na pasipoti, aanze na selfi ya video, apige mahali penye mwanga wa kutosha usoni, bila kofia wala miwani ya giza.

Sasa tuje kwenye tarehe ya kuzaliwa. Watoto wengi waliopitia kambini wana vyeti vinavyosema wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu aliyewasajili hakuwa na cheti cha kuzaliwa mbele yake, akaandika mwaka uliokadiriwa na siku ya kwanza ya mwaka huo. Tuseme kijana alizaliwa Machi 2010, lakini karatasi zake zote zinasema 1 Januari 2011. Kwa mama yake, ametimiza miaka 16 mwezi Machi 2026. Kwa mfumo wa Australia, atatimiza Januari 2027. Akiombwa kitambulisho, karatasi ndizo zitakazozungumza. Uchungu wake unaeleweka, na mzazi amweleze ukweli wote bila kumfanya aone haya kwa historia ya familia yake.

Lakini mzazi asithubutu kumtafutia cheti cha pili chenye tarehe tofauti, wala kuandika tarehe moja shuleni, nyingine kwenye bima ya afya ya Medicare, na nyingine kwenye mtandao wa kijamii. Maelezo yanayopishana yanaweza kuzua maswali mazito siku ya kuomba uraia. Kama tarehe iliyoko kwenye kumbukumbu ni ya makosa kweli, na kuna ushahidi kama cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki au kumbukumbu za shule, marekebisho huombwa kwa Idara ya Mambo ya Ndani, kwa msaada wa mwanasheria wa uhamiaji au wakala aliyesajiliwa. Fanyeni hivyo kwa ajili ya masomo yake, ajira yake na maisha yake yote. Kwa ajili ya akaunti peke yake, miezi tisa ya kusubiri ni gharama ndogo kuliko faili la uhamiaji lililochafuka.

Onyo moja zaidi kuhusu vyeti. Matapeli wanajua kwamba watu wanasubiri kuulizwa umri, kwa hiyo ujumbe mfupi au barua pepe inayosema "thibitisha umri wako hapa", ikiwa na kiungo cha kubonyeza, isiguswe. Uhakiki wa kweli huanzia ndani ya programu yenyewe baada ya kuifungua. Hakuna mtandao wala ofisi ya serikali itakayokupigia simu kuomba picha ya pasipoti ya mtoto wako au kukutaka ulipie ili akaunti ifunguliwe.

Hatua ya tano: Panga njia mpya za ukoo, kwaya na shule

Kwa kuwa WhatsApp imebaki, mazungumzo na bibi wa Kigoma na wajomba wa Uvira hayana sababu ya kukatika. Kilichobadilika ni kwamba sasa WhatsApp itabeba mzigo uliokuwa umegawanywa, na makundi yake yatafurika. Weka mipangilio ya faragha ya simu ya mtoto ili watu wasiojulikana wasimwingize kwenye makundi, na picha yake ya wasifu ionekane na watu walio kwenye orodha yake ya simu pekee. Kundi la ukoo lenye watu mia na hamsini, ambamo shemeji wa rafiki wa binamu anaweza kuongeza mtu, si mahali pa mtoto wa miaka 12. Mfungulie kundi dogo la babu, bibi, shangazi na binamu anaowajua.

Kwaya za vijana zina tatizo lao. Mara nyingi video za kwaya hupandishwa YouTube na kijana mmoja mwerevu wa simu, kwa akaunti yake binafsi, na huyo kijana akiwa na miaka 14 au 15, nyimbo zote za kanisa zinaweza kutoweka machoni pa watu siku akaunti yake inapofungwa. Viongozi wa kwaya wafungue akaunti ya mtu mzima aliyeteuliwa na kikundi, wahamishie video huko, na nenosiri lijulikane na viongozi wawili. Kijana aendelee kupiga picha na kuhariri, maana kipaji chake hakijakatazwa na mtu. Kupandisha kwenye mtandao ndiyo iwe kazi ya mtu mzima. Ni busara pia kuwauliza wazazi wa wanakwaya wadogo kama wameridhia sura za watoto wao zionekane.

Kuhusu shule, Google Classroom haiguswi. Mwalimu akiagiza kazi inayohitaji akaunti ya mtandao uliobanwa, mwandikie kwa adabu umwombe njia mbadala.

Hatua ya sita: Zungumzeni juu ya njia za mkato

Watoto wanazijua: kuandika mwaka wa uongo, kutumia VPN ili simu ionekane iko nchi nyingine, kutumia sura ya kaka mkubwa, au kumwomba mama asimame mbele ya kamera. Hii ya mwisho ndiyo inayomhusu mzazi moja kwa moja, na wengi hukubali kwa huruma, hasa mtoto anapolia kwamba darasa zima wameshapita. Sheria haimwadhibu mzazi anayefanya hivyo. Sababu ya kukataa ni nyingine kabisa. Akaunti ikishathibitishwa kwa uso wa mtu wa miaka 40, mtandao unaanza kumtendea mtoto kama mtu wa miaka 40: matangazo ya watu wazima, maudhui ya watu wazima, na kuachiwa wazi kwa watu wasiomjua kumwandikia. Kinga za vijana ambazo mitandao mingi huziweka kwa walio chini ya miaka 18 zinaondoka zote. Mtoto wa miaka 13 mwenye akaunti ya kikubwa yuko katika hatari zaidi kuliko alivyokuwa kabla ya sheria, na mimi naona mzazi anayempa uso wake amempa kitu ambacho hawezi kukichukua tena.

Mweleze mtoto sababu hiyo kwa lugha anayoielewa vizuri zaidi, hata kama ni Kiingereza kilichochanganyika na Kiswahili. Kijana hashawishiki kwa kuambiwa "sheria imesema" na kuachiwa hapo. Mkiona akaunti ya mtoto mwingine wa chini ya umri, mnaweza kuiripoti kwa mtandao husika, lakini usimgeuze mwanao kuwa mpelelezi wa wenzake shuleni.

Hatua ya saba: Mtoto akidhuriwa, tenda siku hiyohiyo

Mtoto aliyedhuriwa akiwa kwenye akaunti asiyotakiwa kuwa nayo ana haki ya kusaidiwa sawasawa na mwingine yeyote. Rudia maneno haya nyumbani mpaka yazoeleke.

Kwa uonevu mkubwa, kama matusi ya kurudiarudia, vitisho au video za kumdhalilisha, kwanza piga picha za skrini zinazoonyesha majina ya akaunti, tarehe na maneno yaliyoandikwa. Kisha ripoti kwa mtandao wenyewe. Maudhui yasipoondolewa ndani ya saa 48, peleka malalamiko eSafety kupitia tovuti yake. Ofisi hiyo ina mamlaka ya kuuamuru mtandao uyaondoe.

Ikiwa mtu anamtisha mtoto kwamba atasambaza picha zake za utupu asipolipa au asipotuma nyingine, usilipe hata senti moja na msitume kitu kingine. Hifadhi mazungumzo, jina la akaunti na namba za malipo alizozitoa, lakini usinakili wala usimtumie mtu yeyote picha yenyewe ya utupu ya mtoto, hata kwa nia ya kutafuta ushauri kwa mchungaji, imamu au ndugu, kwani kuisambaza kunaweza kuwa kosa na kunamwongezea mtoto aibu. Ripoti kwa ACCCE, kituo cha Polisi ya Shirikisho cha kupambana na unyonyaji wa watoto, na kama kuna hatari ya papo hapo piga 000. Mvulana aliyenaswa kwa mtego huu hujisikia amekwisha. Usimwache peke yake usiku huo, na usianze na maswali ya kwa nini alituma.

Mtoto anayetaka kuzungumza na mtu asiyemjua anaweza kupiga Kids Helpline, namba 1800 55 1800, bila malipo, saa yoyote ya mchana au usiku.

Lugha isikuzuie. Huduma ya ukalimani ya serikali, TIS National, hupatikana kwa namba 131 450. Taja "Swahili" na usubiri kuunganishwa, kisha mweleze mkalimani ofisi unayotaka kuzungumza nayo. Katika familia zetu mtoto ndiye amezoea kuwa mkalimani wa benki, wa hospitali na wa barua za serikali. Katika jambo hili asiwe. Mtoto hawezi kutafsiri mbele ya afisa habari za kudhalilishwa kwake mwenyewe, wala dada yake asibebeshwe mzigo huo.

Hatua ya nane: Jiandaeni kwa siku ya kutimiza miaka 16

Wiki chache kabla ya siku hiyo, tafuteni ile barua pepe iliyosajiliwa, hakikisheni nenosiri linafanya kazi, na amueni pamoja ni akaunti zipi zirudishwe na zipi ziachwe. Si lazima zote zirudi. Tarehe ya kuzaliwa itakayoandikwa iwe ileile iliyoko kwenye karatasi zake rasmi. Akaunti ikifunguka, kabla ya kupandisha picha ya kwanza, pitieni mipangilio: iwe ya faragha, ujumbe kutoka kwa wasiojulikana uzuiwe, mahali alipo pasionyeshwe, na wale wafuasi wa zamani ambao hakumbuki ni akina nani waondolewe mmoja mmoja.

Kama ana mdogo wake wa miaka 11 au 12 anayetazama yote hayo kwa shauku pembeni, mkaribisheni akae nanyi mnapoyafanya, aulize maswali yake, na simu ya kaka isiachwe wazi mikononi mwake.